Shabaha ya Uwanjani na Woga wa Mtaani: Pale Mafunzo ya Polisi Yanapokosea

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State jijini New York, askari polisi wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua dakika chache kabla. Alipochomoa bastola, walifyatua risasi 16 kwa umbali wa hatua chache. Mtu huyo akafa. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake.

Askari wale hawakuwa wageni wa silaha. Polisi wa New York hupimwa shabaha mara mbili kwa mwaka. Lakini miaka minne kabla ya tukio hilo, taasisi ya utafiti ya RAND ilikuwa imechambua kumbukumbu za jeshi hilo za mwaka 1998 hadi 2006 na kukuta jambo ambalo kila mkufunzi angepaswa kulibandika ukutani: mtuhumiwa alipojibu kwa risasi, polisi walipata shabaha kwa wastani wa asilimia 18 tu ya risasi zao. Asipojibu, walipata asilimia 30. Ni jeshi lile lile, bastola zile zile, chuo kile kile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu anataka kumuua askari.

Cheti cha shabaha, basi, kinapima jambo moja na mtaa unadai jingine. Katikati yake umekaa msongo. Pengo hilo linazibika, na kwa gharama ndogo kuliko wakuu wengi wanavyodhani, ila haliwezi kuzibwa kwa kuongeza ukali wa depo, yaani kambi ya mafunzo ya kuruta. Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapokosea zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na mwili. Ubongo ukishatambua hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli mikubwa ya miguu na mikono, vidole hutetemeka, pumzi huwa fupi. Kotisoli hufuata nyuma, na kilele chake huja kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, wakati mara nyingi tukio limeshakwisha. Mwili huo umejiandaa kukimbia au kupambana. Haukujiandaa kuvuta triga ya bastola kwa nguvu ya kilo mbili na nusu bila kutikisa mtutu, wala kutofautisha simu nyeusi na bastola nyeusi kwenye kibaraza chenye taa hafifu.

Mwanasaikolojia wa polisi Alexis Artwohl aliwahoji askari 157 wa Marekani waliowahi kufyatua risasi kazini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Asilimia 84 walisema sauti zilififia, wengine hawakusikia hata mlio wa silaha yao wenyewe. Asilimia 79 waliona kama kwa kupitia bomba jembamba. Zaidi ya nusu walipoteza kumbukumbu ya sehemu fulani ya tukio, na asilimia 7 waliganda kwa muda. Ukitafsiri takwimu hizo kwa lugha ya kazi, maana yake ni kwamba kamanda anapopaza sauti "acha kufyatua", huenda askari hasikii. Mtoto anayekatiza upande wa kushoto, askari hamwoni. Na maelezo atakayoandika jioni yatakuwa na mashimo hata kama hana nia ya kudanganya.

Kuna jedwali moja lililosambaa sana katika vyuo vya polisi tangu miaka ya 1990, linalogawa uwezo wa askari kwa mapigo ya moyo: kati ya 115 na 145 kwa dakika yuko vizuri, akizidi hapo stadi za vidole zinaanza kuondoka, akifika 175 haoni wala hasikii. Wakufunzi wanalipenda kwa sababu linahesabika. Ningependa waliache. Mwanariadha anayepanda kilima huko Iten anafika mapigo 170 na bado anaweza kukusomea saa yake na kukuhesabia muda uliobaki. Moyo uliopandishwa na mbio si sawa na moyo uliopandishwa na woga. Kinachomvuruga askari ni umakini wake kutekwa na kitisho, na moyo ni dalili tu ya hali hiyo. Ndiyo maana kumkimbiza kuruta mita 400 kisha kumpeleka kwenye shabaha, zoezi ambalo wengi huliita "mafunzo ya msongo", kunamfundisha kulenga akiwa anahema. Ni jambo lenye faida yake, lakini ni jambo jingine.

Uchunguzi uliochimba suala hili kwa undani zaidi ulifanyika Uholanzi, kwenye Chuo Kikuu cha Vrije cha Amsterdam, chini ya Raôul Oudejans na Arne Nieuwenhuys. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, askari 17 waligawanywa makundi mawili. Kwanza wote walipimwa mara mbili: mbele ya mpinzani asiyejibu, na mbele ya mpinzani anayewapiga kwa risasi za mafunzo zenye sabuni ya rangi, ambazo haziui lakini zinauma na kuacha alama. Walipopigwa, usahihi wao ulishuka. Baadaye kundi moja lilifanya mazoezi kwa vibao vya karatasi ngumu, jingine likafanya dhidi ya mpinzani anayejibu, vipindi vitatu vya saa moja kila kimoja. Lile la vibao liliporudishwa kwenye shinikizo lilishuka tena vile vile. Lile lililopigwa sabuni halikushuka. Saa tatu tu. Jaribio la pili, la askari 27, lilichapishwa mwaka 2011 na kuonyesha kwamba faida hiyo ilikuwepo bado miezi minne baadaye.

Watafiti hao waliona pia kinachofanyika kwenye mwili wa mlengaji. Chini ya shinikizo askari alifyatua upesi zaidi, alipepesa macho zaidi, aliinamisha kichwa na kujikunja ili awe shabaha ndogo. Kila kimoja kina mantiki kwa kiumbe anayetaka kuishi, na kila kimoja kinaharibu ulengaji. Mkufunzi mwenye jicho anaweza kuviona vitatu hivyo akiwa amesimama pembeni, bila mashine yoyote. Askari aliyefunzwa vizuri chini ya shinikizo bado anaogopa, na mapigo yake bado yako juu. Tofauti ni kwamba amejifunza kulikazia jicho jambo linalohitajika muda wa kutosha kabla ya kufyatua.

Kuna tokeo la 2012 linalonisumbua kuliko hayo yote. Askari 36 waliwekwa mbele ya video. Mtuhumiwa alijitokeza ama akiwa na bastola na kufyatua, ama akiwa amejisalimisha mikono mitupu. Mara nyingine palikuwa na mtambo mdogo uliowarushia vidonge vya plastiki, mara nyingine haukuwepo. Mtambo ulipokuwepo, askari waliwapiga risasi zaidi wale waliojisalimisha. Woga ulikuwa umewafanya watarajie bastola, na waliiona kabla haijaonekana. Familia ngapi zimeambiwa "marehemu alikuwa anachomoa silaha", na silaha isipatikane? Katika baadhi ya matukio hayo kuna uongo wa wazi, na uongo ni kazi ya mahakama. Lakini katika mengine askari anasema kile ubongo wake ulichokitarajia, na hilo ni kazi ya chuo.

Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, akiwa na William Lewinski, alilipima tatizo hilo kwa kufuatilia mboni za macho. Askari wa kikosi cha dharura na askari wapya walikabiliwa na mwigizaji anayegeuka ghafla, mara akiwa na bastola, mara akiwa na simu. Aliposhika simu, asilimia 61.5 ya askari wapya walifyatua. Wale wazoefu ni asilimia 18.2. Jicho ndilo lililowatofautisha. Mzoefu alikuwa ameshalituliza kwenye mkono wa mtu yule tangu mapema. Mpya alipeleka jicho kwa mtuhumiwa, na nusu sekunde ya mwisho akalirudisha kwenye vilengeo vya bastola yake, kama alivyofundishwa uwanjani: "tazama kilengeo cha mbele, vuta triga taratibu." Uwanja ulimfunza kuyaondoa macho mahali pekee ambapo jibu la "nifyatue au nisifyatue" lilikuwapo. Dawa yake haigharimu hata risasi moja: zoezi lianze na macho kwenye mikono ya mtu, silaha iinuliwe kuja kwenye mstari wa macho, na si macho kushuka kuifuata silaha.

Upande wa silaha zenyewe haujadiliwi vya kutosha kwetu, na ni upande wenye mauti.

Chukua bunduki ya AK, ambayo askari wengi wa ukanda huu wanaiita SMG. Upande wa kulia kuna wenzo mrefu wa chuma. Ukiwa juu kabisa, silaha iko salama. Ukishushwa hatua moja, iko kwenye mfululizo, yaani inaendelea kutoa risasi maadamu triga imevutwa. Ukishushwa hadi chini kabisa, ni risasi moja moja. Sasa chukua G3, ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miongo mingi. Swichi iko kushoto juu ya kishikio, inasukumwa kwa kidole gumba. Juu ni salama, hatua moja chini ni risasi moja moja, na chini kabisa ni mfululizo. Mpangilio umepinduka.

Fikiria askari aliyezoea AK, ambaye mkono wake umejifunza kusukuma wenzo mpaka ugote. Mpe G3 zamu ya leo, umweke mbele ya kundi linalorusha mawe, mawe yaanze kumfikia. Mkono wake utafanya ulichozoea, na atakuwa kwenye mfululizo bila kujua. Mgeuze: aliyezoea G3 na kusimama hatua ya kwanza, mpe AK. Naye yuko kwenye mfululizo. Silaha hizi hutoa takriban risasi 10 kwa sekunde, kwa hiyo kabla hajashtuka na kuachia triga zimeshatoka nne au tano, na za mwisho zinakwenda juu ya vichwa vya waliokuwa mbele, kuelekea kwenye madirisha na vibanda vya nyuma.

Hili si jambo la wanagenzi. Tarehe 11 Aprili 2021, huko Brooklyn Center, Minnesota, askari Kimberly Potter, mwenye miaka 26 kazini, alipaza sauti mara kadhaa akitaja Taser, kifaa cha umeme, huku mkononi ameshika bastola yake. Daunte Wright, kijana wa miaka 20, akafa. Taser ilikuwa ya rangi ya njano, nyepesi kuliko bastola, na imevaliwa upande mwingine wa mkanda. Chini ya msongo mkono ulikwenda kwenye njia ulioizoea zaidi. Mahakama ilimtia hatiani Desemba mwaka huo huo, na sioni kosa katika hukumu. Lakini hukumu haibadilishi mafunzo ya askari mwingine.

Kwa hiyo, kituo chenye AK na G3 kwenye ghala moja kina kazi mbili. Ya kwanza ni ya OCS, mkuu wa kituo: askari asibadilishiwe aina ya silaha kati ya zamu bila sababu, na daftari la ghala lionyeshe nani amepimwa kwa ipi. Ya pili ni ya kila siku na inachukua dakika tatu. Wakati wa kukabidhiana lindo, magazini ikiwa imetolewa, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, mtutu ukielekea kwenye pipa la mchanga, askari ahamishe wenzo kutoka salama kwenda risasi moja moja na kurudi, mara kumi, akitaja kwa sauti kila mahali unaposimama, mwenzake akitazama. Kidole kikae nje ya triga, kimelazwa kwenye mwili wa silaha. Hilo la kidole lina sababu yake. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006 ulipima nguvu inayofika kwenye triga mtu anapovuta kitu kwa mkono wa pili au anapopoteza mizani, na ukaonyesha kwamba vidole vya mkono wenye silaha hukaza vyenyewe, wakati mwingine kwa nguvu inayotosha kufyatua. Askari anayemkamata mtu kwa mkono wa kushoto huku ameshika silaha kwa wa kulia, kidole kikiwa kwenye triga, anasubiri tu mtuhumiwa ajikwamue.

Sasa nirudi kwenye depo. Utamaduni wa mafunzo yetu unaamini kwamba kuruta akiruka kichurachura, akikeshwa, akitukanwa na kumwagiwa maji saa nane za usiku, anakomazwa, na aliyekomaa hatatetereka mtaani. Naielewa asili ya imani hiyo, na kwa uvumilivu wa mwili ina ukweli fulani. Lakini angalia anachojifunza kijana yule. Anajifunza kwamba msongo unatoka kwa mkubwa wake, kwamba njia ya kuupunguza ni kutii upesi bila kuuliza, na kwamba aliye chini hana haki ya kujieleza. Baada ya miezi kadhaa anapewa bunduki na kutumwa kukutana na raia anayejieleza. Kila alichozoea kinamwelekeza kudai utii kwanza, na utii ukichelewa, kuongeza nguvu. Msongo wa depo hauna uamuzi ndani yake. Kuruta hachagui chochote. Msongo wa tukio ni uamuzi mtupu.

Wala huhitaji mateso ili kupata matokeo. Oudejans na mwenzake J. Rob Pijpers waliwafanyisha watu mazoezi ya kurusha vishale wakiwa wameninginia kwenye ukuta wa kupanda, baadhi kwa woga mdogo tu. Walipopimwa baadaye kwenye woga mkubwa zaidi, waliozoeshwa woga mdogo hawakuporomoka kama wale waliofanya mazoezi wakiwa watulivu. Dozi ndogo, yenye maana kwa kazi husika, inatosha. Mpira wa tenisi unaorushwa na mwenzako kifuani unaweza kuwa dozi hiyo.

Njia ninayoiona inafaa inakwenda hivi. Stadi ifundishwe kwanza katika utulivu mpaka isimame: kuchomoa, kuinua, kukagua, kurudisha. Ukimletea kuruta shinikizo kabla stadi haijasimama, anakariri makosa yake kwa nguvu zaidi, na makosa yaliyokaririwa kwa woga ni magumu kuyafuta. Ikishasimama, ingiza uamuzi bila shinikizo: picha au mwigizaji mwenye simu, pochi, kitambulisho, panga la plastiki, bastola ya bandia, vikibadilishwa bila mpangilio. Baada ya hapo ndipo shinikizo linaingia kidogo kidogo: muda unafupishwa, kelele zinaongezwa, taa inapunguzwa, mwigizaji anapewa ruhusa ya kujibu kwa mpira au kwa risasi za rangi kama zipo.

Mwigizaji asiachwe ajiamulie. Hapa ndipo mazoezi mengi yanapoharibika. Askari mwenzao anayeigiza mhalifu hutaka kushinda, na kila zoezi linaishia kwa askari "kufa". Kuruta anayekufa kila mara anajifunza kuwahi kufyatua au kukata tamaa. Apewe karatasi yenye masharti: askari akikaa nyuma ya kinga na kukupa amri moja iliyo wazi, itii, akikusogelea chini ya mita tatu huku anafoka, kaidi, watu wawili wakikupa amri zinazopingana, "mikono juu" na "lala chini", simama umeduwaa. Masharti hayo yanamfanya askari aone kwamba maneno yake na miguu yake vina matokeo. Na mazoezi mengi, ningesema saba kati ya kumi, yamalizike bila risasi, kwa sababu kazi yenyewe humalizika hivyo. Zoezi ambalo kila mara linaishia kwa bunduki linaufundisha mwili kwamba bunduki ndiyo njia ya kutokea.

Umbali, kinga na muda ni dawa za msongo kabla hujafika kwenye dawa ya pumzi. Mwaka 1983 mkufunzi wa Marekani Dennis Tueller alionyesha kwamba mtu mwenye kisu hutumia kama sekunde moja na nusu kuvuka mita 6.4. Wengi walilichukua hilo kama kibali cha kumpiga risasi yeyote mwenye kisu ndani ya umbali huo. Somo lake la maana ni kwamba usisimame mita sita kutoka kwa mtu mwenye panga ukiwa hakuna kitu katikati yenu. Rudi nyuma ya gari. Weka meza katikati. Mwite mwenzako. Akili iliyopata sekunde kumi inafikiri tofauti na iliyopewa moja na nusu. Mafunzo ya ICAT, yaliyoandaliwa Marekani mwaka 2016 na taasisi ya utafiti wa polisi ya PERF, yamejengwa juu ya wazo hilo. Tathmini iliyofanywa kwenye jeshi la polisi la Louisville ilikuta matumizi ya nguvu yamepungua kwa asilimia 28, majeruhi wa kiraia kwa asilimia 26, na majeruhi wa polisi kwa asilimia 36. Takwimu ya mwisho isomwe kwa sauti kwa kila mkuu anayedhani kwamba subira inamhatarisha askari wake.

Pumzi nayo ina nafasi yake. Judith Andersen wa Chuo Kikuu cha Toronto na Harri Gustafsberg wa polisi wa Ufini waliwafunza askari wa kikosi maalumu kuirudisha pumzi chini kabla, wakati na baada ya tukio, na maamuzi yao ya kutumia nguvu yakawa bora kuliko ya wenzao. Lilikuwa jaribio dogo, la askari 12, na lisibebeshwe zaidi ya uzito wake. Ufundi wenyewe ni mwepesi: vuta kwa pua sekunde tano, toa kwa mdomo sekunde tano, pumzi sita kwa dakika, mara tatu au nne. Kosa la kawaida ni kuufundisha darasani tu. Ufanyike ndani ya gari la doria mkielekea kwenye tukio, na mara tu pingu zinapofungwa, maana dakika ile baada ya pingu, mwili ukiwa bado umejaa adrenalini, ndiyo dakika mtuhumiwa aliyekwisha kudhibitiwa anapopigwa mateke.

Usingizi siwezi kuupita. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni karibu 0.10. Askari aliyelala saa tatu kwenye nyumba ya kugawana, akashinda lindoni na usiku akaongezewa doria, hafai kukabidhiwa uamuzi wa triga, hata awe amefunzwa na nani. Mkuu anayepanga zamu hizo anapunguza ubora wa mafunzo yaliyogharamiwa na walipa kodi.

Kuhusu usalama wa mazoezi yenyewe, neno moja tu, lakini lisikilizwe. Agosti 2016, Punta Gorda, Florida, polisi walifanya onyesho la "fyatua au usifyatue" mbele ya raia waliojitolea. Askari aliamini bastola ina risasi baridi. Zilikuwa za moto, na mwanamke wa miaka 73 akafa mbele ya mumewe. Risasi za moto zisiingie kabisa kwenye eneo la zoezi: mlango mmoja tu wa kuingilia, watu watatu tofauti wakimkagua kila mmoja, mkufunzi mwenyewe akiwemo, na silaha za zoezi zipakwe rangi inayoonekana kwa mbali. Neno la kusimamisha zoezi liwe moja na kila mtu awe na haki ya kulitamka, hata kuruta. Miwani, kinga ya koo na glavu ni lazima pale risasi za rangi zinapotumika.

Zoezi likiisha, mkufunzi asianze kwa lawama. Amuulize askari: uliona nini mikononi mwake? Ulisema nini? Mwenzako alikuwa wapi? Jibu likilinganishwa na video ya simu iliyowekwa kwenye kona, askari anajionea mwenyewe pengo kati ya kumbukumbu yake na tukio. Kisha arudie palepale alipokosea, mara hiyo hiyo, amalize kwa kufanya sawa. Kumwacha aende nyumbani na kosa kama kumbukumbu ya mwisho ni hasara.

Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinadai mambo mawili ambayo hayapewi uzito unaostahili. Kanuni ya 20 inataka askari afundishwe kushawishi, kujadiliana na kupatanisha. Kanuni ya 21 inataka ushauri nasaha upatikane kwa askari aliyeshiriki tukio la nguvu au silaha. Kenya imeliweka sharti la silaha kuwa njia ya mwisho ndani ya Jedwali la 6 la sheria ya polisi ya mwaka 2011, na kifo au jeraha kubwa lazima viripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Sheria iko wazi. Lakini ripoti ile inaandikwa na mtu ambaye saa chache nyuma kotisoli ilikuwa kileleni, na mara nyingi ni mara yake ya kwanza kuandika kitu cha namna hiyo.

Uandishi huo nao ufanyiwe mazoezi. Kila baada ya zoezi, askari apewe fomu ile ile ya kituoni aijaze kwa mkono: alichokiona, alichokisikia, amri alizotoa kwa maneno yaleyale, risasi ngapi, na wapi hakumbuki. Sehemu ya "sikumbuki" iwepo kwenye fomu na isiadhibiwe, kwa kuwa askari anayeogopa kuiandika ataijaza kwa kubuni. Fomu ijazwe hata pale zoezi lilipokwisha bila risasi, na hizo ndizo mkufunzi azisome kwanza, aone ni neno gani au hatua gani iliyomfanya mtuhumiwa aweke panga chini.